Choki Haisukwi Kama Mkeka

Nyinyi vijana mnaobaki kwenye meza ile ya mninga, haya ni yenu. Nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa penseli, kwa herufi nilizofundishwa ukubwani kwenye kisomo, kwa hiyo atakayeucheka mwandiko aucheke akiwa amekwisha kusoma. Sitaeleza nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayatawasaidia mbele ya amplifaya inayovuma. Nitaeleza transfoma na choki, maana nimewaona mnazibadili kama mtu anayebadili kandambili, bila kuuliza ile iliyokufa imekufa kwa sababu gani.

Macho ndiyo yaliyonistaafisha. Waya mwembamba kama unywele siuoni tena, na mimi sisuki nisichokiona. Vidole bado vizima, asinipe mtu pole.

Mimi ni Mmakua niliyeolewa Mahurunga. Mume wangu alipofariki nilihamia mjini Mtwara kwa binti yangu Zuhura na mumewe Hashimu, nikawa nasuka mikeka. Siku moja nilipeleka mkeka kwa mtu aliyeuagiza, Fundi Ambrosi. Huyu alikuwa mtu wa Songea, Mkristo, aliyeletwa huku na kazi ya umeme bandarini, kisha akaiacha akafungua chumba cha kutengeneza redio na vyombo vya muziki karibu na soko. Nilimkuta ameibana keekee kwenye jiriwa, ile keekee ya kutobolea mbao, anaizungusha na waya unajiviringisha kwenye kibao, naye anahesabu kwa sauti. Mtu akapita mlangoni akamsalimu. Akaitikia. Hesabu ikapotea. Akapiga meza ngumi mpaka bisibisi zikaruka.

"Ulikuwa mia nane na arobaini," nikamwambia.

"Umejuaje, mama?"

"Nimesimama hapa. Masikio ninayo."

"Unaweza kuhesabu mpaka elfu tatu bila kukosea?"

"Mkeka wa chumba una miaa mingapi, Fundi? Unadhani nani ananihesabia?"

Kesho yake nilikuwa kazini. Ule mkeka aliulipia wiki tatu baadaye, lakini nimesema sitaeleza mambo hayo.

Siku ya kwanza sikugusa waya wowote. Nilifundishwa mkono mmoja. Fundi Ambrosi alifungua amplifaya ya gitaa, akanionyesha zile valvu, chupa za kioo zenye moto mwekundu ndani, akasema, "Humu mna umeme mkali kuliko wa ukutani. Ukiingiza mikono miwili, unaingilia mkono huu unatokea mkono huu, na katikati pana moyo. Mkono mmoja uwe mfukoni daima."

"Kanga haina mfuko."

Akafikiri. "Basi ufunge."

Nikaupeleka mkono wa kushoto mgongoni nikaubana kwenye upindo wa kanga, na hivyo ndivyo nilivyopima umeme miaka yote. Wapita njia walikuwa wananiuliza nimevunjika lini. Niliwajibu kwamba waliovunjika ni wale wa mikono miwili, wako makaburini.

Jambo la pili la siku ile: kuzima swichi si kumaliza umeme. Mle ndani mna kapasita, na kapasita ni mtungi. Ukifunga bomba, maji ya mtungini hayaondoki. Utamwaga kwanza, kwa rezista, kile kizuizi cha umeme, yenye mpini wa mti, utahesabu mpaka thelathini, utapima, ndipo utie kidole. Nimewaona wawili kati yenu mnaishia ishirini. Mnajijua.

Sasa transfoma. Ni koili mbili za waya na chuma katikati yake. Koili hizo hazigusani. Ukizikuta zinagusana, imekwisha kufa hiyo. Lakini umeme unaingia koili ya kwanza unapatikana koili ya pili, na hapana mlango kati yao. Jambo hili lilinisumbua. Siku nne namwuliza Fundi, mpaka akaweka chini mkate wake akanieleza: "Mama, umeme wa ukutani hautulii. Unakwenda na kurudi, unakwenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde moja. Ukizunguka chuma, unakifanya sumaku. Ukigeuka, sumaku nayo inageuka. Kugeuka-geuka huko ndiko kunakoamsha umeme kwenye koili ya pili. Kinachovuka si umeme. Ni mtikisiko."

Hapo nikaelewa. Ngoma ikipigwa uani, kikombe kinalia kabatini na hakuna aliyekigusa.

Hesabu yake ni hii: koili ya pili ikiwa na mizunguko mingi kuliko ya kwanza, msukumo unapanda na wingi wa umeme unapungua. Ikiwa na michache, msukumo unashuka na wingi unaongezeka. Hupati vyote viwili. Ndiyo maana koili ya kuwasha ule moto wa valvu ina mizunguko michache ya waya mnene, na koili ya kuilisha valvu ina mizunguko mingi ya waya mwembamba. Mtu akiwaambia kuna transfoma inayoongeza vyote, mwulizeni anauza nini kingine.

Na pasipo mtikisiko hapana kitu. Dereva mmoja wa trekta wa upande wa Naliendele aliazima amplifaya kwa ajili ya arusi ya mdogo wake. Kijijini hapana umeme. Akawaza: betri ya trekta ina umeme, amplifaya inakula umeme. Akafungua kifuniko, akachagua ndani nyaya mbili nene kwa kuwa nyaya za betri nazo ni nene, akaunga. Aliniletea mzigo kwenye kikapu, unanuka kama kisamvu kilichoungua.

"Umeme si umeme, mama?" akaniuliza.

"Wa betri umesimama upande mmoja. Hautikisiki. Hakuna kilichovuka kwenda popote, wala hakuna kilichouzuia ila waya wenyewe. Umepita wote kwa pamoja."

"Na arusi imepita bila muziki."

"Bibi arusi amekwenda?"

"Amekwenda."

"Basi arusi imefanyika. Amplifaya ndiyo haikufanyika."

Transfoma nyingine, ndogo, ndiyo ya kutolea sauti, inakaa kati ya valvu na spika. Hii ndiyo niliyoipenda. Valvu ina msukumo mkubwa na umeme haba. Spika inataka kinyume: umeme mwingi, msukumo mdogo. Ukiziunga moja kwa moja hutasikia kitu. Mmekwisha kung'oa muhogo kwa mti? Unafunga shina kwenye mti mrefu, unauegemeza juu ya gogo. Wewe unashusha ncha ndefu hatua nzima kwa nguvu yako ndogo, na ile ncha fupi inapanda shubiri moja kwa nguvu ya watu watatu. Transfoma ya kutolea ndiyo mti ule. Upande wa valvu ni ncha ndefu, mizunguko elfu tatu. Upande wa spika ni ncha fupi, mizunguko mia.

Na mtu ukiuvamia mti kwa nguvu kumbe muhogo umekwisha kung'oka, unajua utakakoangukia. Ndiyo sababu nagomba nikiona amplifaya ya valvu imewashwa bila spika. Nguvu inakosa cha kung'oa, inarudi nyuma, inatoboa karatasi iliyo kati ya tabaka za waya. Transfoma nyingi nilizosuka upya hazikuuawa na mvua wala radi. Ziliuawa na mtu aliyekuwa "anajaribu tu".

Nilikuwa nikisuka hivi. Nakaa chini kwenye jamvi, jiriwa imefungwa kwenye kigogo mbele yangu. Mkono wa kulia keekee, mkono wa kushoto unaongoza waya ulale sawasawa, mmoja ubavuni mwa mwenzake, usipande. Kila tabaka likijaa, karatasi ya nta. Mikono yote ina kazi, kwa hiyo hesabu niliitia mguuni: shanga mia za mbegu kwenye uzi, kila mizunguko kumi nasogeza moja kwa kidole gumba cha mguu, kama msusi anavyokamata ukili. Fundi Ambrosi alicheka siku ya kwanza. Siku ya pili akavua kiatu ajaribu, misuli ya unyayo ikamkaza, akalala chali sakafuni anapiga kelele. Hakucheka tena. Na msiseme ilikuwa tasbihi. Tasbihi ya sala iko kwake na shanga za kazi ziko kwake.

Koili ikiisha, unatia chuma. Chuma chenyewe ni vibati vyembamba, vimekatwa kwa umbo la herufi E na herufi I. Herufi hizo nilizijua miaka mingi kabla ya A. Kwenye transfoma unavipanga kwa kupishana: E moja inaingia kutoka kulia, inayofuata kutoka kushoto, na I zinaziba pande zilizobaki. Juu, chini, juu, chini. Sikuhitaji kufundishwa mara mbili, maana huko ni kusuka. Vibati vyangu vilikuwa vinakazana hata kucha haipiti. Fundi alikuwa anawaonyesha wateja.

Choki ina sura ya transfoma lakini ina koili moja tu. Umeme wa ukutani ukishageuzwa uende upande mmoja ili valvu iweze kuula, hautoki laini. Unatoka kwa mafungu, na spika itayatoa mafungu hayo: mmmm, kutwa nzima. Kazi ya choki ni kukataa haraka. Ni kama jiwe zito la kusagia linalozungushwa kwa mkono: ukilisukuma linachelewa kuanza, ukiliacha linachelewa kusimama. Mafungu yanakuta jiwe liko kwenye mwendo wake, yanasawazika, na mitungi ile ya kapasita inameza yaliyobaki. Hivyo Fundi alinieleza kwa mdomo. Choki yenyewe hakuwa amenifungulia hata moja, nami sikuwa nimeomba, kwa sababu nilidhani ninajua.

Sasa niwaeleze wiki iliyonifundisha kuliko miaka mingine yote.

Ilikuwa ile miaka ambayo watu walikuwa wanavuka Ruvuma kukimbia vita ya Mreno. Fundi Ambrosi alikuwa amekwenda kwao kwenye msiba wa baba yake, ameniachia ufunguo na maneno machache: "Redio tengeneza. Amplifaya zisubiri." Jumamosi asubuhi akaingia mtu mwembamba, chale za Kimakonde usoni, ana gunia kubwa kichwani.

"Hodi. Fundi wa amplifaya yupo?"

"Unamtazama."

Akachungulia nyuma yangu. "Fundi mwanamume."

"Amesafiri. Tua mzigo, shingo yako itaingia tumboni."

"Mama, wewe kabila gani?"

"Mmakua."

"Eee, nimekwisha! Mmakua anajua kutega panya. Umeme ataujulia wapi?"

"Na Mmakonde anajua kuchonga. Kajichongee amplifaya nyingine."

Akacheka, nikacheka, akatua. Kwa watani matusi ndiyo salamu.

Jina lake Fernando. Ng'ambo alikuwa akipiga gitaa kwenye kilabu. Alipokimbia na mkewe Rosa, mtumbwi uliinama kule mdomoni mwa mto, pale maji matamu yanapokutana na ya bahari, na gunia lenye amplifaya likazama. Watu wazima wangeliacha. Yeye alilizamia. Tangu hapo amplifaya ilikuwa imelala na chumvi tumboni. Sasa mjini palikuwa na bendi iliyopungukiwa na mpiga gitaa, na kiongozi wake, Bwana Kondo, alikuwa amemwambia hivi: njoo Jumamosi ijayo alasiri ukumbini na chombo chako; kikilia vizuri umepata kazi, kisipolia nina mtu wa Lindi anasubiri.

"Nikikosa, narudi kambini," akasema. Alikuwa hacheki tena. "Rosa yuko kule na mtoto mchanga. Hema moja, familia tatu. Mtoto anakohoa, mama."

Nilifikiri maneno ya Fundi. Amplifaya zisubiri. Lakini mtoto anayekohoa hakuambiwa asubiri. Nikamwambia alete gunia mezani.

Nilifungua nikaona majani mabichi. Ndiyo, shaba ikiliwa na chumvi inaota kijani kama ukuta wa kisima. Transfoma kubwa ilikuwa salama kwa kuwa waliizamisha kwenye lami kiwandani. Transfoma ya kutolea ilikuwa imekufa, waya umekatika mahali pasipohesabika. Choki ilikuwa nzima, mita ilionyesha umeme unapita kwenye waya, ila chuma chake kilijaa kutu. Kwa hiyo kazi ilikuwa kusuka upya transfoma moja na kusafisha choki moja. Nikaona ni nyepesi.

Siku mbili za mwanzo nilikuwa naosha kwa maji ya mvua na kukausha. Mchana juani, kisha kwenye sufuria ya mchanga juu ya makaa, moto wa kiasi cha mkono kuvumilia.

Zuhura akafunua sufuria yake. "Mama! Unapika vyuma?"

"Vimekolea chumvi kuliko mchuzi wako wa jana. Funika."

Jumanne na Jumatano nilisuka. Amplifaya ile ilikuwa na valvu mbili za kutolea, moja inavuta, mwenzake inavuta upande wa pili, kama watu wawili wenye msumeno mmoja. Kwa hiyo koili ya upande wa valvu nilihakikisha nusu mbili zinalingana, elfu moja na mia tano hapa, elfu moja na mia tano pale. Sikukosea hata mzunguko mmoja. Nikapanga chuma kwa kupishana, nikatia vanishi, nikaianika.

Kisha nikafungua choki nisugue kutu. Na humo nilikuta jambo lililoniudhi. Vibati vyote vya E vilikuwa upande mmoja, vya I vyote upande wa pili, havikupishana hata kimoja, na katikati palibaki ufa wenye kipande cha karatasi kilichooza. Nikasema peke yangu, aliyefunga hii alikuwa mvivu, kataka kuwahi chakula. Nikatupa karatasi. Nikasugua vibati kimoja kimoja, nikavisuka kama inavyopasa, juu, chini, juu, chini, vikakazana hata kucha haipiti. Nilijisifu. Nilimwonyesha Fernando.

"Kama mkeka," akasema.

"Mkeka wa Kimakua. Wa kwenu unapitisha kunguni."

Alhamisi adhuhuri tuliunga spika, nikafunga mkono wangu mgongoni, nikawasha. Valvu zikashika moto. Fernando akanyoosha kidole aonyeshe kitu ndani, nikampiga kofi mkononi kabla hajafika. Tukangoja.

Mmmmmmm.

Haikuwa sauti ya kuugua. Ilikuwa sauti ya meli ikiingia bandarini. Alipogusa uzi wa gitaa, gitaa lilisikika kama mtu anayeitia ndani ya pipa.

"Mama, inaimba peke yake."

"Nyamaza."

"Bwana Kondo hatataka—"

"Nimesema nyamaza."

Alikwenda akakaa kizingitini, amekumbatia gitaa. Afadhali angenitukana.

Nilichofanya siku ile ni hiki, na ndicho ninachotaka mkijue. Nilikwenda moja kwa moja kwenye transfoma niliyosuka. Kwa kuwa ndiyo kazi ngumu, nikaamini kosa limo humo. Nikapima nusu zote mbili, zimelingana. Nikapima tena. Nikatoa vibati, nikavirudisha. Mvumo uleule. Nilijishtaki kwa kosa nisilolitenda, nikaliacha nililolitenda likae mezani linanitazama.

Ijumaa asubuhi nilishika koleo nikate ile koili nianze upya, ingawa siku haikutosha, na Fernando alijua haitoshi kwa kuwa alikuwa amekwisha kufunga gunia lake. Koleo likiwa kwenye waya nikakumbuka Fundi Ambrosi anavyomgombeza kila mtu: usikate kabla hujabadili. Maana yake, kila kiungo unachokishuku, kiondoe utie kizima cha kuazima, usikilize, ndipo uhukumu. Nikaweka koleo chini. Nikabadili valvu za mwanzo: mmmm. Nikabadili kapasita: mmmm. Ikabaki choki, ile niliyoisafisha mwenyewe, ile nzuri. Niliona hata aibu kuishuku. Nikachukua choki kuukuu kutoka redio iliyokufa rafuni, nikaiunga kwa nyaya ndefu.

Kimya.

Fernando akainuka pale kizingitini. "Imezimika?"

"Gusa uzi."

Akagusa. Sauti ikatoka safi, mpaka mwuza nazi wa mlango wa pili akageuka. Lakini choki ile ya redio ilikuwa ndogo mno, baada ya dakika chache ikawa haishikiki kwa joto. Isingefika mwisho wa wimbo wa tatu. Nikazima, nikamwaga umeme, nikahesabu thelathini, nikaifungua nione ina nini ambacho yangu haina.

E zote upande mmoja. I zote upande wa pili. Katikati karatasi.

Nilikaa chini. Mvivu mmoja ni mvivu. Wavivu wawili, wa viwanda viwili, wanaokosea sawasawa, hao wanajua jambo, na asiyejua ni mimi.

Sababu yake Fundi alinieleza vizuri aliporudi, lakini nitaisema hapa mahali pake. Kwenye transfoma, sumaku inakwenda na kurudi, chuma kinapumua. Zile valvu mbili za msumeno nazo zinavutana, chuma kinabaki katikati. Lakini umeme wa choki unakwenda upande mmoja, kutwa, bila kurudi. Chuma kilichokazana kinajaa sumaku mara moja, kinashiba. Na chuma kilichoshiba hakiwezi kukataa kitu tena, kama vile mtu aliyeshiba hawezi kumeza. Choki inageuka kuwa waya mtupu, mafungu yanapita kama yalivyo. Ule ufa mdogo wa karatasi ndio unaokifanya chuma kisishibe. Mimi niliuziba kwa ufundi mkubwa.

Ijumaa ile sikuyajua hayo yote. Nilijua tu kwamba karatasi irudi. Nikavisukua vibati vyangu, E huku, I kule. Nikararua ukurasa wa daftari la mjukuu wangu, mtoto wa Zuhura, nikaweka kipande kimoja. Mvumo ulipungua. Viwili, ukapungua zaidi. Vitatu, ukaondoka, nikatega sikio kwenye kitambaa cha spika nisisikie kitu. Nikaweka cha nne, kwa tamaa. Ukaanza kurudi kwa mbali, maana ufa ukizidi nao unaidhoofisha choki. Nikarudi kwenye vitatu, nikakaza skrubu, nikatia vanishi. Fernando alikuwa amefungua gunia lake tena bila kuambiwa.

Jumamosi alasiri tulikwenda ukumbini, yeye na gunia, mimi na mita. Bwana Kondo alikuwa mtu mnene mwenye leso shingoni, ameketi ukingoni mwa jukwaa na wapigaji wake wanne. Fernando akaunga, akawasha, akasimama. Tukangoja valvu zipate moto. Kondo akatega sikio. Hakusikia kitu. Za kwake zote zilikuwa zinavuma, alikuwa amezoea.

"Kimekufa hicho," akasema. "Toa, mtu wa Lindi apande."

"Hakijafa," nikasema.

"Mama, wewe nani?"

"Niliyekitengeneza."

Wapigaji wakaangaliana. Mmoja akasema, "Kumbe ndiyo maana kimekaa kimya, kimefundishwa adabu," wakacheka wote. Wakiwa wanacheka hivyo Fernando akapiga. Sitaeleza muziki, sijui kuueleza. Najua nilichokuwa nasikiliza mimi: nilikuwa nasikiliza vituo, pale kati ya uzi na uzi. Kwenye vituo hapakuwa na kitu. Kicheko kilikwisha. Yule wa ngoma akachukua fimbo zake akamfuata, kisha wa gitaa la pili. Bwana Kondo alifungua leso akaikunja, akaifunga tena.

"Mazoezi Jumanne saa nane," akamwambia Fernando. Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, zile zangu tatu utazitazama lini?"

"Fundi akirudi."

Fundi aliporudi nilimweleza yote, pamoja na karatasi niliyoitupa. Alicheka mpaka akashika jiriwa asianguke. Halafu akanipa kila choki iliyokuwa rafuni niifungue, nione kwa macho, na tangu hapo amplifaya zikawa zangu. Akaniachia swali nami nawaachia nyinyi: kabla hujapanga chuma, uliza umeme wake unarudi au haurudi. Na ukikuta kazi ya mtu mwingine unaiona ya kijinga, iache kama ilivyo mpaka ukute ya pili.

Fernando alipiga na bendi ile miaka yote mliyomjua. Mwaka huu, kwao walipopata uhuru, alivuka kurudi, safari hii gunia likiwa limefungwa kwenye turubai. Ameniletea salamu kwamba amplifaya haivumi.

Lakini siku ile ya Jumamosi tulitoka ukumbini tukafuatana hadi kwangu, yeye mbele na mzigo. Nikamwuliza Rosa atamweka wapi. Akasema yeye atalala nyuma ya jukwaa, Bwana Kondo amekubali, na Rosa na mtoto watangoja kambini mpaka apate chumba, labda baada ya mwezi, labda miwili. Alisema kwa furaha, kama mtu ambaye kubwa limekwisha. Mimi nikampita, nikatangulia.

Tukamkuta Zuhura uani anamenya muhogo, na Hashimu anaziba tairi la baiskeli. Hata sikukaa.

"Hashimu, acha baiskeli. Magunia yako ya korosho yatoke chumba cha uani sasa hivi."

"Yaende wapi, mama?"

"Chini ya kitanda chako. Zuhura, ukimaliza muhogo fagia, mwaga maji, fungua dirisha, tandika ule mkeka mpya. Kesho asubuhi nyote wawili mtakwenda na huyu kambini kumchukua mkewe na mtoto, na baiskeli ibebe mizigo. Mtoto anakohoa. Akiingia humu nisikute vumbi, nisikute ganda la korosho, na asiulizwe mtu atakaa mpaka lini."